Sumaku na Maradhi ya Huzuni

Kila mwanafunzi aliyepita katika chumba cha sayansi amekwisha kuishika sumaku mkononi. Ameiona ikivuta misumari, amenyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi na kutazama jinsi unavyojipanga kwa mistari iliyopinda, na pengine ameificha mfukoni akaenda nayo bwenini kuchezea. Manahodha wa majahazi waliijua katika dira, nao waliiamini kuliko macho yao wakati wa ukungu. Lakini miaka hii sumaku imeingia hospitalini kwa kazi ambayo wazee wetu hawakuidhania, nayo ni kutibu huzuni.

Nisemapo huzuni, sina maana ya majonzi ya mtu aliyefiwa, wala ya mwanafunzi aliyeanguka katika mtihani. Hayo ni mambo ya kila binadamu, na siku zikipita hupungua. Nasema juu ya ugonjwa ambao madaktari wetu huuita sonona. Mgonjwa wa sonona huamka saa nane za usiku asipate tena usingizi. Chakula mbele yake huwa kama mchanga. Kazi aliyoipenda humchukiza. Hujiona mtu asiyefaa kitu, na mara nyingine hutamani kufa. Hali hiyo hudumu kwa majuma, au kwa miezi, na pengine haina sababu yoyote ambayo jirani aweza kuiona.

Katika chuo cha ualimu nilikuwa na mwenzangu aliyeimba vizuri kuliko sote. Muhula wa pili aliacha kuimba, kisha akaacha kunyoa ndevu, kisha akaacha kuja darasani. Sisi wenziwe tulisema ni mvivu. Baadhi walisema amerogwa na watu wa kwao, na mmoja alimtungia jina la utani ambalo sipendi kulitaja hapa, kwa sababu mimi nami nililicheka. Hakuna hata mmoja aliyesema ya kuwa ni mgonjwa. Alirudi kwao kabla ya mitihani, na masomo yake yakaishia hapo. Nimemkumbuka mara nyingi nilipokuwa nikisoma habari nitakazozieleza, maana ni habari za watu waliojiuliza swali tusilojiuliza sisi: mtu huyu anaumwa wapi, na twaweza kupagusa mahali hapo kwa njia gani?

Wayunani wa kale walijibu swali hilo kwa nyongo. Walisema mwili una maji ya namna nne, na mtu akizidiwa na nyongo nyeusi huingiwa na huzuni isiyo na sababu. Warumi nao walikuwa na tabibu aliyeitwa Scribonius Largus, aliyeishi katika karne ya kwanza. Huyu aliagiza mtu mwenye kuumwa sana na kichwa awekewe juu ya kichwa samaki mzima wa jamii ya taa, yule mwenye umeme mwilini, mpaka ganzi iingie. Wavuvi wanaomjua samaki huyo watafahamu ya kuwa dawa hiyo haikuwa ya kubembeleza. Hata hivyo Scribonius alikuwa wa kwanza kuandika ya kuwa umeme waweza kupelekwa kichwani kwa ajili ya tiba, ijapokuwa neno umeme lenyewe halikuwako bado.

Sumaku ilipata mtetezi wake mkubwa katika karne ya 18, naye aliiletea sifa na fedheha kwa wakati mmoja. Mtu huyo ni Franz Anton Mesmer, daktari aliyezaliwa mwaka 1734 na kufanya kazi katika mji wa Vienna. Mwaka 1774 alimtibu mwanamke mmoja aliyesumbuliwa na maradhi mengi kwa kumnywesha dawa yenye chuma na kumfunga vipande vya sumaku mwilini. Mwanamke akasema anasikia kitu kama maji kikitiririka ndani yake, naye akapata nafuu. Mesmer hakuridhika kusema ya kuwa sumaku imemsaidia mgonjwa. Alisema ulimwengu mzima umejaa nguvu isiyoonekana, ya kwamba nguvu hiyo hupita katika miili ya viumbe, na ya kwamba yeye mwenyewe anayo kwa wingi hata hana haja tena ya sumaku ya chuma. Mikono yake yatosha.

Mwaka 1778 alihamia Paris, na huko watu wakammiminikia. Hakuweza kuwahudumia mmoja mmoja, basi akatengeneza pipa kubwa la mbao, ndani yake akapanga chupa za maji, na kutoka katika mfuniko zikatokeza fimbo za chuma. Wagonjwa waliketi kulizunguka, kila mmoja akiigusisha fimbo mahali anapoumwa. Muziki ulipigwa taratibu. Baada ya muda mmoja alianza kulia, mwingine kucheka, wa tatu akaanguka na kutetemeka. Wengi waliondoka wakisema wamepona.

Mfalme Louis wa 16 aliteua wataalamu mwaka 1784 wachunguze jambo hilo. Miongoni mwao alikuwamo Antoine Lavoisier, mwanakemia ambaye jina lake limo katika vitabu vyenu. Alikuwamo Bailly, mnajimu. Alikuwamo daktari Guillotin, ambaye jina lake baadaye lilipewa ile mashine ya kukatia vichwa. Na alikuwamo mzee Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani, mwenye umri wa miaka 78. (Miaka kumi haikupita kabla Bailly na Lavoisier hawajauawa kwa mashine hiyo hiyo katika mapinduzi ya Ufaransa, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Kwa kuwa Franklin alikuwa hawezi kusafiri kwa urahisi, baadhi ya majaribio yalifanyika nyumbani kwake Passy, karibu na Paris.

Namna walivyofanya yafaa kuelezwa kwa taratibu, kwa sababu dawa nyingi tunazozimeza leo zimepimwa kwa akili ile ile. Mesmer mwenyewe hakukubali kuchunguzwa, lakini mwanafunzi wake, daktari Deslon, alikubali. Deslon aliutia nguvu mti mmoja wa aprikoti bustanini. Kisha akaletwa mvulana wa miaka 12, ambaye yeye mwenyewe alimchagua kuwa ni mwepesi wa kuisikia nguvu hiyo. Wataalamu wakamfunga macho kwa kitambaa, wakampeleka kuukumbatia mti mmoja baada ya mwingine, bila kumwambia ni upi. Katika mti wa kwanza mvulana alitoka jasho na kukohoa. Katika wa pili alisema kichwa kinamzunguka. Wa tatu ukazidisha mambo. Alipofika katika mti wa nne alizimia, ikabidi alazwe juu ya majani. Basi hakuna hata mmoja wa miti hiyo uliokuwa umetiwa nguvu; na mti wa nne ulikuwa futi 24 hivi kutoka ule wa Deslon. Kila alivyozidi kupelekwa kutoka mti hadi mti, ndivyo alivyozidi kuisikia nguvu ambayo haikuwamo.

Majaribio mengine yalitoa jawabu hilo hilo, na wataalamu wakaandika ya kuwa nguvu ya Mesmer haiko, na ya kuwa yaliyoonekana yalitoka katika mawazo ya mgonjwa mwenyewe. Hawakusema wagonjwa ni waongo. Mvulana yule alizimia kweli. Nawasihi wasomaji wangu walishike jambo hili, kwa kuwa litarudi mwishoni kwa sura ambayo haiwafurahishi wote.

Baada ya hapo, mtu mwenye heshima zake aliyetaja sumaku na wagonjwa katika sentensi moja alichekwa. Umeme, hata hivyo, uliendelea na safari yake. Luigi Galvani wa Bologna alichapisha mwaka 1791 habari za miguu ya chura aliyekufa, iliyorukaruka ilipoguswa kwa vyuma. Na Giovanni Aldini, mpwa wake, alijipitishia umeme kichwani mwake, kisha mwaka 1801 akamtibu kwa njia hiyo mkulima mmoja mwenye umri wa miaka 27 aliyelazwa kwa huzuni kubwa. Mkulima akapata nafuu. Mwaka 1803 Aldini huyo huyo alikuwa London akiutia umeme mwili wa mtu aliyenyongwa, taya zikicheza na jicho moja likifumbuka mbele ya watazamaji, na nadhani hapo aliwasahau kidogo wagonjwa.

Aliyeziunganisha sumaku na umeme kwa njia ya kweli ni Michael Faraday. Alikuwa mwana wa mhunzi maskini. Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya kujalidi vitabu, na elimu yake aliipata kwa kuvisoma vitabu alivyopewa avishone. Tarehe 29 Agosti 1831, huko London, alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya upande mmoja na waya mwingine upande wa pili, bila kugusana. Waya wa kwanza aliuunga na betri. Wa pili aliupeleka kwenye sindano ya sumaku iwezayo kuonyesha kama umeme umepita. Alipounga betri, sindano ilishtuka, kisha ikatulia. Betri ilikuwa ingali ikipeleka umeme katika waya wa kwanza, lakini sindano ilikaa kimya. Alipoikata betri, sindano ikashtuka tena, safari hii kwa upande wa pili.

Wanafunzi wangu wakilifanya jaribio hili huchukizwa na kule kutulia. Hudhani chombo kimeharibika. Lakini siri yote imo humo. Sumaku iliyotulia haizai umeme katika waya ulio karibu nayo. Sumaku inayobadilika, inayozidi au inayopungua, ndiyo izaayo. Na madhali ubongo wa mtu hufanya kazi kwa umeme mdogo upitao katika mishipa ya fahamu, basi mtu akiweza kuibadilisha sumaku kwa haraka sana karibu na kichwa, ataamsha umeme ndani ya ubongo bila kutoboa ngozi wala fupa. Sumaku tuli za Mesmer zisingaliweza kufanya hivyo hata kama zingalikuwa kubwa kama mlango.

Kutoka wazo hilo hadi chombo chenyewe ilipita miaka zaidi ya 150. Mwaka 1870 Wajerumani wawili, Fritsch na Hitzig, waliugusa ubongo wa mbwa kwa umeme, nyumbani kwa Hitzig mjini Berlin, wakaona ya kuwa sehemu moja hutikisa mguu wa mbele na nyingine mguu wa nyuma. Hivyo ikajulikana ya kuwa ubongo una mitaa, na kila mtaa una kazi yake. Mwaka 1896 Mfaransa d'Arsonval alikiingiza kichwa cha mtu katika koili kubwa ya waya iliyopitiwa na umeme wenye kubadilika mara 42 kwa sekunde. Mtu huyo aliona mimeto ya mwanga, akasikia kizunguzungu. Mwaka 1902 watu wawili wa Vienna, mji ule ule wa Mesmer, Adrian Pollacsek na Berthold Beer, walijiandikishia haki ya kutibu huzuni kwa koili ya namna hiyo. Silvanus Thompson wa London naye alijitia kichwa katika koili mwaka 1910 akaiona mianga ile ile. Leo twajua ya kuwa mianga hiyo haikutoka ubongoni bali katika macho, ambayo huamshwa kwa nguvu ndogo zaidi. Mashine za siku hizo hazikuwa na nguvu ya kutosha.

Wakati sumaku ikingojea, wagonjwa hawakuweza kungoja. Mwaka 1938, mjini Rome, Ugo Cerletti na Lucio Bini walianza kuupitisha umeme wenyewe katika kichwa cha mgonjwa mpaka apatwe na degedege. Tiba hiyo yaogopwa na watu wengi, na katika miaka ya kwanza ilitolewa bila dawa ya usingizi, hata wagonjwa wengine wakavunjika mifupa. Siku hizi hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa kabisa, nayo huwaokoa watu ambao dawa zimewashinda, walakini huweza kuwapotezea sehemu ya kumbukumbu. Madaktari wakawa wanatafuta njia ya kuufikia ubongo bila degedege na bila usingizi.

Njia hiyo ilitoka Sheffield, mji wa Uingereza uliojulikana zaidi kwa visu na chuma cha pua. Mwaka 1980 wataalamu wawili, Merton na Morton, walikuwa wamekwisha kuonyesha ya kuwa umeme ukipigwa juu ya ngozi ya kichwa waweza kuufikia ubongo wa mtu aliye macho na kutikisa mkono wake. Tatizo lilikuwa maumivu. Fupa la kichwa huuzuia umeme, kwa hiyo ilibidi upigwe kwa nguvu, na ngozi ikachomwa. Fupa hilo haliizuii sumaku hata kidogo. Anthony Barker, mtaalamu wa fizikia na vyombo vya hospitali, pamoja na wenzake mjini Sheffield, alikuwa ameshughulika kwa miaka kadhaa na kuamsha mishipa ya mkono kwa sumaku. Mwaka 1985, yeye na Reza Jalinous na Ian Freeston waliiweka koili juu ya kichwa cha mtu, wakaufyatua umeme, na vidole vya upande wa pili wa mwili vikaruka. Mtu hakusikia maumivu. Habari zao zilichapishwa katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet mwezi wa Mei mwaka huo, kwa maandishi mafupi sana.

Chombo chao chaeleweka na kila aliyesoma fizikia ya kidato cha tatu. Kapasita kubwa hujazwa umeme, kisha huachiwa ghafula upite katika koili. Kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, koili hupitiwa na ampea elfu kadhaa, na sumaku yake hufika tesla moja na nusu au mbili. Kisha hutoweka. Kule kuzaliwa na kutoweka kwa haraka ndiko kunakoamsha umeme katika ubongo, kama sindano ya Faraday ilivyoshtuka. Nguvu hiyo huingia ndani kiasi cha sentimita 2 au 3 tu chini ya koili. Mlio wake ni kama wa kucha ngumu ikipigwa juu ya meza, lakini mkali, hata mgonjwa huzibwa masikio.

Barker hakukusudia kutibu huzuni. Alitaka kupima kama njia kutoka ubongoni hadi kwenye misuli ni nzima au imekatika. Lakini mwaka 1987 Bickford na wenzake, katika Marekani, waliokuwa wakiwajaribu watu wazima wa afya, waliona ya kuwa baadhi yao walichangamka kwa muda baada ya kupigwa. Mtu mwingine angalilipuuza jambo hilo. Mwaka 1993 madaktari wa Ujerumani waliijaribu sumaku kwa wagonjwa wawili tu wa sonona, na matokeo yalikuwa madogo.

Ndipo swali la mtaa wa ubongo lilipotokea tena. Picha za ubongo zilikuwa zimeonyesha ya kuwa wagonjwa wengi wa sonona wana upungufu wa kazi katika sehemu ya mbele, hasa upande wa kushoto. Mark George na wenzake, katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, waliilenga sehemu hiyo kila siku kwa wagonjwa sita ambao dawa zilikuwa zimewashinda, na mwaka 1995 wakatangaza ya kuwa wawili wamepata nafuu kubwa. Mwaka uliofuata Alvaro Pascual-Leone na wenzake walieleza habari za wagonjwa 17, ambao 11 kati yao walipata nafuu iliyodumu kwa kadiri ya majuma mawili. Namna walivyoitafuta sehemu yenyewe ilikuwa rahisi ajabu: koili huhamishwa juu ya kichwa mpaka kidole gumba cha mkono wa kulia kiruke, kisha husogezwa mbele sentimita 5.

Hapa nina neno la kuwaambia wasomaji wa nchi hii, kwa sababu sehemu hiyo ya mbele ya ubongo ina historia yake kwetu. Tangu mwaka 1938 hadi 1950 hospitali ya Mathari, Nairobi, ilikuwa chini ya daktari wa serikali ya kikoloni aliyeitwa J. C. Carothers. Aliwaona wachache sana waliolazwa kwa huzuni, akaamua ya kuwa Mwafrika ni shida kupatwa na sonona. Mwaka 1951 aliandika ya kuwa Mwafrika haitumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo na madaktari. Na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu chenye mawazo hayo. Kosa lake lilikuwa la hesabu kabla ya kuwa la kiburi. Waliofikishwa Mathari walikuwa ni wale waliopiga watu au kuvunja vitu, walioletwa na polisi. Mgonjwa wa sonona hapigi mtu. Hukaa kimya nyumbani, akigeukia ukuta, na hakuna askari amtafutaye.

Mnijeria Adeoye Lambo, aliyeifanyia kazi hospitali ya Aro huko Abeokuta tangu mwaka 1954, alikuwa miongoni mwa waliompinga. Na mwaka 1979 Orley na Wing walitangaza matokeo ya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika vijiji viwili vya Uganda: sonona ilikuwako, tena kwa wingi kuliko katika mtaa mmoja wa London waliolinganisha nao. Mwenzangu wa chuoni angaliweza kuwa mmoja wa watu wa Carothers wasiohesabiwa.

Narudi kwenye koili. Nafuu ya wagonjwa sita, au 17, ilikuwa habari njema, lakini Franklin angaliuliza: mmefunga macho yao? Basi wakatengeneza koili ya uongo. Yafanana na ya kweli kwa umbo na uzito, yalia mlio ule ule, lakini sumaku haiingii kichwani. Mgonjwa hajui amepewa ipi. Mwaka 2007 yalitangazwa majaribio makubwa ya wagonjwa 301 katika vituo 23. Washauri wa idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa hawakutosheka na ushahidi huo. Baada ya kuchambuliwa zaidi, ruhusa ilitolewa mwezi wa Oktoba 2008, kwa wagonjwa ambao dawa imeshindwa kuwasaidia. Mwaka 2010 George na wenzake walitangaza majaribio mengine ya watu 190, yaliyogharimiwa na serikali: kati ya waliopewa koili ya kweli, 14 kwa kila mia waliondokewa na ugonjwa, kati ya waliopewa ya uongo, 5 kwa kila mia.

Tofauti ilikuwako, walakini haikuwa ya kupigiwa ngoma. Na mwaka 2018 likatokea la kushangaza. Wanajeshi wa zamani wa Marekani 164, wenye sonona iliyokataa dawa, na wengi wao wenye majeraha mengine ya vita moyoni, walipewa tiba hiyo kwa kura. Waliopata koili ya kweli, 41 kwa mia walipona. Waliopata ya uongo, 37 kwa mia. Tofauti hiyo ni ndogo hata haiwezi kuhesabiwa.

Mvulana wa Passy alikuwa amerudi. Wengine walisema, basi sumaku ni pipa la Mesmer lililopakwa rangi mpya. Mimi sikubali, kwa sababu kidole gumba huruka hata kwa mtu asiyeamini chochote, na majaribio mengi mengine, yakijumlishwa, yaonyesha ya kuwa koili ya kweli huishinda ya uongo. Lakini sikubali pia kuzipuuza zile 37 kwa mia. Wanajeshi hao walikuwa wamekaa na ugonjwa wao kwa miaka. Ghafula wakawa na mahali pa kwenda kila asubuhi, na mtu aliyewangojea, aliyewauliza wamelalaje, aliyewawekea kichwa sawasawa na kukaa nao karibu. Siku tano kwa juma, kwa majuma mengi. Sijui ni nani kati yetu aliyewahi kumfanyia hayo mgonjwa wa huzuni katika kijiji chake. Katika chuo chetu hayakufanyika hata kwa siku moja.

Wataalamu wameendelea kupunguza muda wa tiba. Kwa utaratibu wa kwanza mgonjwa alikaa kitini dakika 37 na nusu, akipokea mapigo 3,000. Mwaka 2005 ilitangazwa London namna ya kuyapanga mapigo kwa mafungu ya haraka. Na mwaka 2018 majaribio ya Kanada juu ya watu 414 yakaonyesha ya kuwa dakika tatu na kidogo za namna hiyo zafaa sawa na zile 37. Faida yake ni kubwa kuliko inavyosikika, maana mashine moja yaweza kuwahudumia watu wengi zaidi kwa siku. Katika chuo kikuu cha Stanford walisogea mbele tena, wakatoa tiba mara kumi kwa siku kwa siku tano, mahali pa kulenga pakichaguliwa kwa picha ya ubongo wa kila mgonjwa. Ruhusa ya utaratibu huo ilitolewa Marekani mwezi wa Septemba 2022, ijapokuwa majaribio ya kulinganisha yaliyotangulia yalikuwa na watu 29 tu.

Tiba ina masharti yake. Mtu mwenye kipande cha chuma kichwani, au chombo cha umeme kilichopandikizwa humo, hapewi. Wengine huumwa na kichwa au ngozi yao huwashwa mahali pa koili, na mara chache sana hutokea degedege. Gharama nazo ni kubwa, na mashine yahitaji umeme usiokatika. Lakini mgonjwa halazwi usingizi wala hakatwi. Huketi katika kiti kama cha daktari wa meno, akiwa macho. Mlio huanza, hukoma, huanza tena. Ukiisha, huzibua masikio yake, huvaa kofia, huaga, na kwenda zake kazini.